8.7 au 9.7? Habari za Sylvie Fréchette, Bingwa wa Kucheza Majini

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Kusoma na Hesabu

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana penseli na daftari lake. Mwenye miwani na aivae. Mliokaa nyuma, kama hamsikii vizuri, sogeeni karibu na redio.

Maneno nitakayosema leo yamepigwa chapa katika karatasi mliyo nayo. Nifuateni kwa macho huku mnasikiliza kwa masikio. Mkikuta neno gumu msisimame. Litieni mstari, nanyi mtamwuliza mwalimu wenu baada ya somo.

Katika somo lililopita tulijifunza nambari zenye nukta. Najua wako baadhi yenu waliorudi nyumbani wakinung'unika, wakisema, "Nukta hii ndogo kama jicho la sisimizi itanifaa nini mimi?" Sikuwalaumu. Leo nitawajibu, lakini sitawajibu kwa hesabu tupu. Nitawapa habari ya kweli ya mwanamke mmoja, na jinsi tarakimu moja iliyokosewa ilivyomwondolea alichokifanyia kazi tangu utotoni.

Kwanza, mwalimu wa darasa, nakuomba uandike ubaoni nambari mbili. Ya kwanza ni 8.7. Ya pili ni 9.7. Wanafunzi, ziandikeni nanyi katika daftari zenu. Nane nukta saba. Tisa nukta saba. Ziacheni hapo, tutazirudia.

Mwanamke huyu jina lake ni Sylvie Fréchette. Alizaliwa mwaka 1967 katika mji wa Montreal, nchi ya Kanada. Kanada iko kaskazini ya Marekani, na majira ya baridi huko ni makali, hata mito hugeuka barafu. Wenyeji wengi wa Montreal husema Kifaransa. Sylvie alipokuwa msichana wa miaka 9, mwaka 1976, mji wake ulipokea Michezo ya Olimpiki, na wanamichezo wa mataifa mengi wakaja kushindana pale.

Mchezo wa Sylvie si wa kukimbia wala kurusha mkuki. Ni mchezo wa kuogelea, lakini hawashindani nani atafika upesi. Mchezaji huingia katika bwawa la kuogelea, muziki ukapigwa, naye akacheza ndani ya maji kwa kuufuata muziki ule. Mara yuko juu, mara amezama na miguu yake miwili imesimama wima juu ya maji kama miti miwili. Mara azunguka kama pia, mara aruka. Wengine hucheza peke yao, wengine wawili wawili, na wengine kundi zima, wote wakiinua mkono kwa wakati mmoja kama mtu mmoja mbele ya kioo. Zamani mchezo huu uliitwa kuogelea kwa kulingana. Tangu mwaka 2017 jina lake rasmi ni kuogelea kwa kisanaa.

Ukitazama kutoka ukingoni, utadhani ni jambo rahisi. Mchezaji anatabasamu, nywele zake hazitikisiki. Lakini hebu fikirini. Nywele hazitikisiki kwa sababu zimepakwa jelatini iliyoyeyushwa kwa maji ya moto, ikaganda kama gundi. Puani amevaa kibanio kidogo, maana akigeuka kichwa chini maji yangemwingia mpaka kichwani. Haruhusiwi kukanyaga chini ya bwawa ili apate nguvu ya kujiinua. Lazima ajishikilie kwa miguu inayokoroga maji bila kupumzika, na kwa viganja vinavyopapasa maji upesi upesi. Tena anaziba pumzi huku akifanya kazi ya mtu anayepanda mlima mbio. Muziki anausikia hata akiwa chini, kwa kuwa vipaza sauti vimewekwa ndani ya maji. Kisha, akitokeza kichwa, hana ruhusa ya kuhema kama mtu aliyechoka. Lazima atabasamu.

Nyinyi mnaoishi karibu na bahari au ziwa, jaribuni siku moja kusimama kichwa chini ndani ya maji mkahesabu mpaka thelathini. Ndipo mtakapomheshimu Sylvie.

Kazi hiyo aliianza akiwa mtoto, akaendelea nayo mwaka baada ya mwaka. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mchezo wake uliingizwa katika Olimpiki mwaka 1984, huko Los Angeles. Mwaka 1988 huko Seoul, nchi ya Korea, nishani ya dhahabu ya mchezaji mmoja peke yake ilichukuliwa na Mkanada, lakini hakuwa Sylvie. Alikuwa Carolyn Waldo. Tena Waldo huyo pamoja na mwenziwe Michelle Cameron wakachukua dhahabu ya wachezaji wawili. Sylvie hakushindana Seoul. Alisubiri zamu yake. Hapa pana jambo la kukumbuka: mtu anaweza kuwa hodari sana na bado asubiri, kwa sababu aliye mbele yake ni hodari pia.

Hakusubiri kwa kulala. Mwaka 1990 alishinda katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Auckland, nchi ya New Zealand. Januari mwaka 1991 alikwenda Perth, nchi ya Australia, kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia, akashinda dhahabu ya mchezaji wa peke yake. Akawa bingwa wa dunia. Sasa ilibaki Olimpiki tu. Nayo ilikuwa karibu: mwaka 1992, mji wa Barcelona, nchi ya Hispania.

Siku chache kabla ya michezo hiyo, msiba mkubwa ulimpata. Mchumba wake alifariki dunia. Sylvie alikuwa na umri wa miaka 25. Kila mtu angemwelewa kama angebaki nyumbani kulia pamoja na ndugu zake. Lakini alikwenda Barcelona, akaingia majini huku moyo umejaa huzuni. Yule aliyekuwa anatabasamu mbele ya majaji alikuwa mfiwa. Tumkumbuke hivyo tunapoendelea.

(Muziki kidogo.)

Wanafunzi, sasa tunafika kwenye hesabu. Sikilizeni kwa makini.

Siku zile mashindano ya Sylvie yalikuwa na sehemu mbili. Sehemu moja ilikuwa ya mchezo wa hiari wenye muziki na mavazi ya kupendeza. Sehemu nyingine ilikuwa ya mitindo ya lazima. Hiyo haikuwa na muziki. Mchezaji alivaa vazi jeusi na kofia nyeupe, kama wote wengine, akaonyesha mitindo aliyoamriwa, polepole, mmoja mmoja. Majaji walitazama, na kila jaji akatoa alama yake. Alama ya juu kabisa ilikuwa 10. Mchezaji mzuri aweza kupata 9.2, mwingine 9.5, mwingine 9.7. Mnaona sasa kazi ya nukta? Kati ya 9 na 10 kuna hatua kumi ndogo, na mabingwa wa dunia hushindana katika hatua hizo ndogo. Bila nukta wote wangeandikiwa 9 tu, na mshindi asingejulikana.

Majaji wale hawakuandika alama zao kwa kalamu. Walikuwa na mashine ndogo zenye vifungo vya nambari. Jaji akibonyeza kifungo, alama ilikwenda kwenye mashine kubwa ya kuhesabia.

Sylvie akaonyesha mtindo wake mmoja. Jaji kutoka nchi ya Brazil alipendezwa, akakusudia kumpa 9.7. Lakini katika kubonyeza alikosea, na alama iliyokwenda ilikuwa 8.7.

Tazameni ubao wenu. Saba haikubadilika. Nukta haikubadilika. Ni 9 tu iliyogeuka 8. Katika kuhesabu, 8 na 9 ni majirani. Mtu aliye mbali anaweza kusema, "Si kitu, ni tarakimu moja." Basi ngojeni muone.

Yule jaji aliona kosa lake mara moja. Hakulificha. Alijaribu kulisahihisha, tena akamweleza msimamizi. Lakini jaji na yule aliyemwendea walitoka nchi mbalimbali na lugha zao zilikuwa mbalimbali. Kuelezana kukachukua muda. Huku wakielezana, alama ikatokea ubaoni mbele ya watu wote: 8.7. Kanuni ya mchezo ilisema kwamba alama iliyokwisha kuonyeshwa haibadilishwi. Wakanada wakapeleka malalamiko yao. Yakakataliwa. Jaji mwenyewe alisema amekosea, lakini kanuni ikashikilia kosa.

Kisha ikaja sehemu ya muziki. Sylvie akacheza akijua kwamba yuko nyuma, na kwamba hakurudishwa nyuma na udhaifu wake mwenyewe. Mambo yalipokwisha, hesabu ikafanywa. Mwalimu, andika ubaoni tafadhali, na nyinyi andikeni:

Kristen Babb-Sprague wa Marekani: 191.848
Sylvie Fréchette wa Kanada: 191.717

Nawapa dakika moja. Toeni nambari ya pili katika nambari ya kwanza. Angalieni nukta zikae moja chini ya nyingine, kama nilivyowafundisha. Msiogope tarakimu nyingi, anzeni kulia.

(Kimya.)

Mmepata ngapi? Jibu ni 0.131. Someni pamoja nami: sifuri nukta moja tatu moja. Maana yake ni nini? Chukueni alama moja, muikate vipande elfu. Katika vipande hivyo elfu, Sylvie alipungukiwa na vipande 131 tu. Huo ndio upana wa pengo kati ya dhahabu na fedha. Kwa pengo dogo namna hiyo, tarakimu moja ilitosha kugeuza mambo. Mwanamke wa Marekani akavishwa dhahabu. Sylvie akavishwa fedha.

Hapa nataka tuwe watu wa haki. Kristen Babb-Sprague hakuiba kitu. Alicheza mchezo wake, akapewa alama zake, akafurahi kama mtu yeyote angefurahi. Wala jaji hakukusudia ubaya. Alikosea, akasema, "Nimekosea." Tukitafuta mwovu katika habari hii hatumpati. Tunalopata ni kosa dogo, na kanuni isiyokuwa na mlango wa kulitolea kosa hilo nje.

Je, mambo yalikwishia pale? Hayakukwishia. Wakanada waliendelea kudai. Mmoja wao alikuwa Dick Pound, wakili wa Montreal aliyekuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Barua zikaandikwa, mikutano ikafanywa. Mwisho wake, mwaka 1993, Shirikisho la Kimataifa la Kuogelea lilikubali kwamba Sylvie alistahili dhahabu. Desemba mwaka huo akavishwa nishani ya dhahabu katika ukumbi wa Forum, mjini kwao Montreal, mbele ya watu wa nyumbani. Mwamerika hakunyang'anywa ya kwake. Kwa hiyo mkitazama orodha ya washindi wa mchezo ule wa mwaka 1992 mtaona jambo la ajabu: dhahabu mbili, hakuna fedha, na shaba moja, ambayo ni ya Fumiko Okuno wa Japani.

Hebu hesabuni tena. Tangu Agosti 1992 mpaka Desemba 1993 ni miezi mingapi? Ni miezi 16. Kubonyeza kifungo kibaya kulichukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kukirekebisha kulichukua miezi 16.

Tena nawauliza: dhahabu ya Montreal ni sawa na dhahabu ya Barcelona? Kwa heshima ya maandishi ni sawa. Lakini siku ile ya Barcelona, bendera ikipandishwa na wimbo wa taifa ukipigwa mbele ya dunia, haikurudi wala haitarudi. Haki iliyochelewa ni afadhali kuliko haki iliyokataliwa, lakini si sawa na haki iliyokuja kwa wakati wake.

Na Sylvie je? Angeweza kukaa na uchungu maisha yake yote. Hakufanya hivyo. Kwa Olimpiki ya mwaka 1996 huko Atlanta, nchi ya Marekani, wakubwa wa mchezo walifuta mashindano ya mchezaji mmoja na ya wawili, wakaweka ya kundi la watu wanane. Sylvie, aliyekuwa bingwa wa peke yake, akarudi majini akawa mmoja katika wanane. Fikirini jambo hilo. Aliyezoea kutazamwa peke yake sasa kazi yake ni kulingana na wenzake hata asitofautike nao. Alikuwa na miaka 29. Kundi la Kanada likapata nishani ya fedha, na safari hii hakuna aliyesema hesabu ilikosewa. Baadaye alifanya kazi na Cirque du Soleil katika mji wa Las Vegas, kwenye onyesho lao la majini liitwalo O, akafundisha pia vijana mchezo ule uliomlea.

Wanafunzi wangu, sasa rudini na mimi nyumbani kwetu.

Mkulima amepeleka kahawa yake kwenye ghala la chama cha ushirika. Mizani inasema kilo 97. Karani amechoka, jua ni kali, watu ni wengi. Anaandika kilo 87. Ni kosa lile lile la Barcelona, 9 imegeuka 8. Mkulima asiyejua kusoma anaikunja stakabadhi, anaitia mfukoni, anakwenda zake akishukuru. Kilo 10 za jasho lake zimepotea, na hakuna mwizi aliyeziiba. Mkulima anayejua kusoma anaisoma stakabadhi papo hapo, mbele ya mizani, kabla mzigo haujachanganywa na mizigo mingine. Anasema kwa adabu, "Bwana karani, samahani, tazama tena." Karani anatazama, anasahihisha, wanaagana kwa heri. Jambo limekwisha kwa dakika moja, wala si kwa miezi 16.

Sylvie hakuwa na nafasi hiyo. Alikuwa ndani ya maji, na mashine ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Nyinyi mnayo. Ndiyo sababu mnakuja hapa jioni, mmechoka na kazi za mchana, mkabanana katika madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Hamji kujifunza mapambo. Mnajifunza kulinda kazi ya mikono yenu.

Nawaachia mambo matatu ya kushika. La kwanza: nambari uliyoandika isome tena kabla hujaitoa mkononi. La pili: nambari uliyoandikiwa isome mbele ya aliyeiandika, usingoje kufika nyumbani. La tatu: ukikosea wewe, sema upesi, kama yule jaji wa Brazil alivyojaribu kusema. Kuteleza si kuanguka, lakini aliyeteleza akanyamaza huwaangusha na wengine.

Na wale mtakaokuwa makarani, waweka hazina na wenyeviti wa vyama, nawaongezea la nne. Mkitunga kanuni zenu, acheni humo mlango wa kusahihisha kosa. Kanuni ngumu isiyosikia neno "nimekosea" inaweza kumdhulumu mtu asiye na hatia, hata pale ambapo hakuna mtu mwenye nia mbaya.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Sylvie Fréchette alizaliwa mwaka gani, na alikuwa na umri gani aliposhindana Barcelona?
2. Kwa nini alama za mchezo huu zahitaji nukta?
3. Jaji alikosea tarakimu gani? Iandikeni vile alivyokusudia, na vile ilivyoandikwa.
4. Je, ilikuwa haki kumwachia Babb-Sprague nishani yake? Kila mtu atoe maoni yake, na wengine wamsikilize mpaka amalize.
5. Leteni katika somo lijalo stakabadhi moja, au karatasi yoyote yenye nambari, kutoka nyumbani. Tutazisoma pamoja, tarakimu kwa tarakimu.

Muda wetu umekwisha. Usifuteni ubao bado. Kabla hamjatoka, kila mmoja aisome mara moja kwa sauti: nane nukta saba, tisa nukta saba. Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena.